Unapiga filamu Mbeya na hela ni ya mawazo? Tuongee laiti mita

Kamwene wadau. Tangu watu waanze kuzitoa kamera za wazee makabatini, hizi Zenit na Pentax na Yashica zilizokuwa zinakula vumbi tu, swali linalojaa inboksi yangu ni lile lile, eti ninunue laiti mita gani, yani kidude cha kupima mwanga, ambayo haitanimaliza mfukoni. Jibu langu la kwanza huwa linawaudhi wengi: usinunue kwanza. Mita ina kazi, tena kubwa, ila watu wananunua mita kabla hawajajua wanataka iwapimie nini, mwisho wa siku mtu ana kidude kizuri cha kuning'iniza shingoni na negativu zake bado nyembamba kwa kukosa mwanga, ukiziangalia dirishani unaona mpaka mti wa jirani.

Halafu tuelewane kwenye neno bei. Filamu kwetu huku haiuzwi Mwanjelwa. Roli moja ya 35 mm inakupa picha 36, na hiyo roli umeiagiza nje au umemsubiri mtu anayetoka Dar au Nairobi, bado kusafisha, bado kuskani. Kwa hiyo mita ya bei ndogo mimi naihesabu kwa fremu inazoniokolea, maana mita ya elfu thelathini inayodanganya stopu mbili (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu) itakula hela ya mita nzuri kabla hata msimu wa mvua haujaisha, na hutaona inavyokula kwa sababu inakula kidogo kidogo.

Kitu cha kwanza angalia kamera yenyewe. Watu wengi wanatafuta mita wakati wanayo tayari. Pentax K1000 ina mita ndani, Canon AE-1 inayo, Nikon FM inayo, na mara nyingi shida ni betri tu: K1000 na FM zinatumia zile ndogo za duara za aina ya LR44 ambazo fundi saa yeyote anazo, AE-1 yenyewe inataka 4LR44 ya volti 6. Hapa nichomekee kitu: kama una hela ya ziada kidogo chukua SR44, ukubwa ni ule ule ila ndani ni ya oksidi ya fedha, volti zake zinakaa pale pale mpaka inakufa, wakati LR44 ya kawaida inashuka polepole na kwenye baadhi ya kamera mita inaanza kushuka nayo bila kukwambia. Zenit-E nayo ina mita kichwani, ile sehemu ya kioo chenye mabonde bonde juu ya lenzi, haitumii betri kabisa, hiyo tutairudia.

Sasa kabla ya mita yoyote kuna ile kanuni ya jua na f/16, na huku nyanda za juu inafanya kazi vizuri kuliko sehemu nyingi. Jua la wazi, kitu unachopiga kinapigwa na jua usoni, weka tundu la lenzi f/16 (namba ikikua tundu linabana) halafu spidi ya shata iwe namba ya karibu na ISO ya filamu, yani wepesi wake wa kuona mwanga. ISO 100 ni 1/125, ISO 200 ni 1/250, ISO 400 ni 1/500. Wingu jepesi ambalo vivuli bado vinaonekana kingo zake kwa mbali, f/11. Mawingu yamefunika na vivuli vimepotea, f/8. Mawingu mazito yale ya Tukuyu ambayo unajua kabisa dakika kumi zijazo unakimbilia kibarazani, f/5.6. Kivulini mwa nyumba huku anga likiwa wazi, f/4. Kwenye mchanga mweupe wa Matema ziwa likiwa linarudisha mwanga, f/22.

Kuna mzee mmoja alikuwa na stodio hapa mjini enzi hizo, siku moja kanikuta nahangaika na kupima pima, nikamsalimia shikamoo mzee, marahaba kijana wangu, hiyo nini mkononi. Nikamwambia hii inapima mwanga mzee. Akacheka kweli. "Sisi mita yetu ilikuwa kwenye boksi la filamu, unachana boksi unabandika ukutani." Na ni kweli, boksi za filamu na karatasi zake zilikuwa zinachapwa vile vijedwali vyenye kajua, kawingu na kivuli, na watu walipiga harusi na pasipoti za mji mzima kwa kijedwali hicho.

Ila kanuni hiyo inataka jua liwe juu, na hapa watu wa huku tuna kitu chetu. Saa ya Tanzania ni moja nchi nzima lakini Mbeya tuko magharibi, kwa hiyo jua letu la utosi halifiki saa sita kamili, linafika kama saa saba kasoro robo hivi, na jioni yetu inachelewa kuliko ya Dar kwa dakika ishirini na kitu. Yani yule anayekwambia saa kumi na mbili jioni mwanga umeisha anaongelea kwao. Huku saa kumi na mbili bado unapiga, ila hapo ndo macho yanapoanza kukudanganya, sababu jicho linazoea giza taratibu bila kukwambia, unaona bado kweupe kumbe mwanga umeshashuka stopu tatu. Mita inaanza kulipa ujira wake hapo, asubuhi mapema, jioni, ndani ya nyumba, ndani ya kanisa, na kwenye ukungu. Mchana wa Julai anga likiwa bluu juu ya Loleza, aisee, mita iache nyumbani.

Wapo wanaosema huku juu, mita 1,700 na kitu kutoka usawa wa bahari, mwanga ni mkali sana kwa hiyo f/16 haifai. Hewa ni nyembamba kweli na anga likiwa safi vivuli vinakuwa vyeusi zaidi, hilo ndo la kuangalia zaidi. Kwenye stopu tofauti ni ndogo, usibadilishe chochote.

Sasa tuje kwenye kiini, na hapa naomba utulie, maana hapa ndo panapoamua ununue nini. Mita nyingi, pamoja na ile ya ndani ya kamera, zinapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu. Na zote zina imani moja tu maishani: kwamba kile ulichozielekezea ni kijivu cha katikati, kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Hazijui bibi harusi, hazijui ukungu, hazijui ngozi. Ukiielekeza kwenye gauni jeupe inasema lo, kijivu hiki kinawaka sana, punguza mwanga, na gauni linatoka kijivu, na nyuso za watu wetu zinazama gizani kabisa. Gauni jeupe linaweza kuwa stopu mbili au zaidi juu ya kile kijivu. Ukiielekeza kwenye uso mweusi tii inafanya kinyume, inasema giza hilo ongeza, na unapata picha imefunguliwa stopu moja au mbili zaidi ya ilivyotakiwa. Kwenye negativu hilo la pili unaweza kuishi nalo maana filamu ya negativu inavumilia kufunguliwa zaidi, la kwanza ndo linaua, kivuli ambacho filamu haikukiona hakuna skana ya kukirudisha. Kwenye filamu ya slaidi ni mbaya zaidi, kule hata nusu stopu unaiona.

Sasa fikiria tunachopiga sisi. Kwaya imevaa joho jeupe imesimama mbele ya ukuta wa kanisa uliopakwa chokaa, saa nne asubuhi. Mashamba ya chai ya kijani kibichi kuelekea Tukuyu na ukungu umekaa juu yake. Kitulo kwenye Desemba mpaka Aprili, maua yamejaa, Bustani ya Mungu kweli, ila nusu ya picha ni anga jeupe. Misonobari ya Sao Hill pale Mafinga, chini giza, juu kunawaka. Nguzo za Isimila pale Iringa saa nane mchana, upande mmoja unawaka na mfereji wa katikati ni mweusi. Karibu kila kitu tunachopenda kupiga huku ni kitu ambacho mita ya kupima mwanga unaorudi inakikosea ukiifuata kibubusa. Ndo maana mimi nina upande kwenye hili na sitajifanya sina: kwa anayepiga watu, tafuta mita inayopima mwanga unaokuja, ile yenye kikuba cheupe kama nusu ya mpira wa tebo tenisi. Unaenda pale alipo mtu, unaiweka karibu na kidevu chake, kikuba kinaangalia kamera, unabonyeza. Haijali gauni wala ngozi, inapima mwanga unaomwangukia, weupe unatoka mweupe na weusi unatoka mweusi na kila mtu kwenye kwaya anafanana na alivyo.

Ukiwa na ile ya kupima unaorudi hujakwama. Kwenye ukungu pima halafu fungua stopu moja zaidi. Kwenye gauni pima gauni lenyewe ukilijaza lote kwenye fremu, fungua stopu mbili. Kwenye uso mweusi pima uso, funga stopu moja. Au pima kiganja chako, hiki kiganja ni rafiki sana, kwa watu wengi kinakuwa kama stopu moja juu ya kile kijivu na hakibadiliki sana kati ya mtu na mtu kama nyuso zinavyobadilika, ila kipime chako kwanza ukilinganisha na mita unayoiamini ujue kinasoma vipi, kisha ukitembea nacho hakihitaji betri. Na kiganja kiwe kwenye mwanga ule ule anaosimama yule unayempiga, sio wewe uko kivulini yeye yuko juani.

Haya, simu. Simu yako ndo laiti mita ya kwanza ya kujaribu, na kwa wengi ndo ya mwisho, na sioni aibu yoyote. Ukitafuta kwenye Play Store utakuta za bure kibao, zina matangazo ya kuudhi lakini zinapima. Kuna aina mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza inatumia kamera ya nyuma ya simu, hiyo inapima mwanga unaorudi na ina tabia zote nilizosema hapo juu, faida yake unaona kwenye kioo inapima nini na nyingi zinakuruhusu kugusa sehemu moja ndogo, kwa hiyo unaweza kugusa kivuli peke yake, ukagusa gauni peke yake, ukajua tofauti ni stopu ngapi. Kwa darasa hilo tu ningekuwa tayari kulipia. Ya pili inatumia kile kihisi kidogo juu ya kioo cha simu, kile kinachopunguza mwangaza wa skrini ukiingia ndani. Hiyo inapima mwanga unaokuja, ambao ndo tunautaka, lakini kwenye iPhone hakuna, Apple hawaziruhusu programu za watu wengine kukisoma kihisi hicho, ni Android tu. Shida yake kihisi kiko ndani ya kitundu, hakina kikuba, mwanga ukitoka pembeni kinauona kidogo kuliko inavyotakiwa. Unaweza kukiwekea kipande cha plastiki nyeupe juu yake kisambaze mwanga, inasaidia, ila ukishaweka lazima uisahihishe upya.

Kusahihisha ndo kazi yenyewe, na wengi hawafanyi, halafu wanasema mita za simu ni takataka. Tafuta mtu mwenye kamera ya dijitali, hawakosekani, nenda naye kwenye ukuta wa saruji usiopakwa rangi, ukuta wote uwe kwenye mwanga wa aina moja, jaza ukuta kwenye fremu ya dijitali, ISO 400, andika namba. Hapo hapo simu, ISO 400, ukuta ule ule, andika namba. Halafu fanya hivo hivo kivulini, na ndani ya nyumba karibu na dirisha. Kama simu inapishana na kamera kwa kiasi kile kile sehemu zote tatu, mfano inasema f/11 kila mahali kamera inaposema f/8, simu ni nzima kabisa, ingiza masahihisho kwenye programu au kama haina sehemu hiyo idanganye kwa ISO, filamu ni 400 wewe iambie 200, imekaa sawa. Kama juani inapishana stopu moja, ndani stopu tatu, kivulini haipishani, futa hiyo programu jaribu nyingine. Kupotoka kwa kudumu kunatibika, kupotoka kwa kigeugeu hakuna dawa, na hii kanuni itakusaidia hata kwenye mita za mitumba.

Kama programu yako inaonyesha laksi tu, yani kipimo cha mwanga unaoangukia mahali, bila namba za kamera usiitupe. Jua la wazi, lile la f/16, ni kama laksi 82,000. Kila ukigawa kwa mbili umeshuka stopu moja. Ukifika kama 2,500 uko ndani sana kivulini, kwa filamu ya 400 hapo ni f/5.6 kwa 1/125. Sebuleni usiku taa imewashwa unaweza kukuta 80 hivi, hapo filamu ya 400 inataka f/2 kwa 1/30 na mkono uliotulia, na usimwambie mtoto asitikisike maana hatakusikia.

Kuna udhaifu wa simu ambao hauongelewi: chaji na mvua. Simu ikiwa na asilimia sita na uko Kitulo na baridi lile, utachagua kupiga picha au kupiga simu ya usafiri. Na kwenye manyunyu kioo kikilowa vidole havishiki. Kama unapiga mara moja moja Jumapili haikuhusu.

Tuje kwenye mitumba ya mtandaoni, maana hapa ndo hela za watu zinapopotelea. Ukiingia eBay utakuta mita za seleni kibao za bei ya kuvutia, Leningrad 4 ya Kisovieti, Weston Master, na ile Sekonic L-398 ya duara. Seleni ni teknolojia ya zamani kweli, Weston wa Marekani walikuwa wanauza mita ya seleni kwa ajili ya picha tangu 1932. Uzuri wake hakuna betri, mwanga wenyewe unatengeneza umeme unasukuma sindano. Ubaya wake kwenye giza haioni kitu, ile sebule ya laksi 80 usitegemee. Na seli ikipata unyevu inazeeka, inaanza kusoma chini, nyingine inakufa kabisa, na ukiifungua hakuna cha kutengeneza. Nyingine zipo hai na sahihi mpaka leo, nimeishika Zenit-E ambayo mita yake inakubaliana na ya dijitali, ila ni bahati nasibu na mimi bahati nasibu sichezi na hela ya filamu. L-398A ya baadaye haitumii seleni tena, seli yake ni ya aina nyingine na bado haihitaji betri, ila bei inapanda.

Kwenye hizi za Kisovieti jihadhari na namba. Nyingi zina kipimo cha GOST badala ya ISO, utakuta 65, 130, 250, sio 100, 200, 400. Hesabu rahisi, GOST 90 ni ISO 100, 180 ni 200, 360 ni 400. Ukiweka filamu ya 100 kwenye 90 uko sawa, ukiiweka kwenye 130 kwa kukisia umeanza kubania filamu mwanga.

Kundi la pili ni zile za kati, za miaka ya sitini na sabini, kama Gossen Lunasix 3. Hii ni mashine nzuri, inaona mpaka gizani, ila ilitengenezwa kwa betri mbili za zebaki za PX625 zenye volti 1.35, na betri za zebaki zimeshapigwa marufuku, Marekani kwa sheria ya 1996. Ukiweka ya kawaida ya volti 1.5 ya saizi ile ile sindano inacheza vizuri kabisa na inadanganya. Yashica-Mat 124G ina ugonjwa huo huo. Dawa ipo, betri za vifaa vya kusaidia kusikia namba 675, zinatoa 1.4 na zinakaa hapo, lakini ukishabandua kile kikaratasi zinaishi wiki kadhaa tu kisha basi, utumie usitumie. Ukiwa Dar sawa. Ukiwa Makete utaenda kuitafuta wapi hiyo 675?

Na hili la betri mimi nalipa uzito kuliko watu wengi wanavyolipa. Kabla hujanunua mita yoyote jiulize betri yake inapatikana kwenye duka la mwisho kabla ya barabara ya vumbi? AA inapatikana, ndo ile ya saa ya ukutani, hakuna kijiji haina. CR2032 inapatikana mjini kote, kwa mafundi kompyuta na rimoti za magari. Zingine zote ni kununua na akiba.

Kundi la tatu ndo ninalolipenda, za silikoni. Sekonic L-308, matoleo yake ni mengi, inatumia AA moja, ina kikuba cheupe cha kusogeza, inapima unaokuja na unaorudi na inapima hata flashi, kwa hiyo mwenye stodio inamfaa. Mpya ni zaidi ya dola 200 kabla hujaweka usafiri na ushuru, hiyo kwangu haihesabiki kuwa bei ndogo. Mtumba wake ndo mazungumzo. Sekonic L-208 ni ndogo, ya sindano, inatumia CR2032, nayo ina kikuba, haipimi flashi, mpya inavuka dola 100. Gossen Digisix nayo ni ndogo, nayo CR2032, ukiikuta mtumba na bei iko sawa usiilazie damu.

Halafu kuna hizi mpya za kuvalisha juu ya kamera, pale pa kuwekea flashi, TTArtisan na wenzake. Bei zake ziko chini sana ukilinganisha na Sekonic, zinakaa vizuri kwenye kamera isiyo na mita kama Zorki, na kwa anayetembea mtaani Sokomatola anapiga haraka haraka zinafaa kweli, unainamisha macho unaona taa, unazungusha, umemaliza. Ila zinapima mwanga unaorudi, hazina kikuba. Kwa harusi, kwa kwaya, kwa mtu aliyesimama na anga nyuma yake, unarudi kwenye hesabu za kichwani. Kama tayari una simu uliyoisahihisha, hii inakuongezea wepesi, haikuongezei akili. Na za kupima kidoti kimoja, zile za digrii moja kama Pentax, nzuri mno, bei yake utanunua kamera nyingine, tupite.

Ukinunua mtumba mwambie muuzaji akutumie video fupi, afunike mita kwa kidole sindano ishuke mpaka sifuri, aifunue polepole sindano ipande bila kukwama kwama, aipeleke dirishani kisha ndani. Akufungulie sehemu ya betri uone kama kuna ukoga wa kijani. Anayekwambia sina betri ya kujaribia ila ni nzima, mwache na uzima wake, betri ya AA sio ya kukosa. Ikifika, rudi kwenye ukuta wa saruji.

Kwa hiyo ningekuwa naanza leo na elfu hamsini mfukoni nisingenunua mita, ningenunua filamu, nikasahihisha simu. Nikiwa na laki na kitu na napiga mtaani na milimani, ile ya juu ya kamera. Nikiwa napiga watu na wananilipa, nasubiri mpaka nipate L-308 ya mtumba hata kama inachukua muda, na wakati nasubiri nategemea simu na kiganja. Seleni naweza kuinunua kama pambo.

Kitu cha mwisho maana nimeulizwa juzi na mdau anayepiga nyeusi na nyeupe, anataka mawingu ya Rungwe yatoke yamejaa jaa. Filta ya njano au nyekundu ni sawa kabisa, lakini mita ya mkononi na simu haziijui filta iliyoko kwenye lenzi, zimepima mwanga wa nje. Njano ya kawaida inakula kama stopu moja, nyekundu nzito inakula tatu, kwa hiyo ikikwambia f/16 wewe na nyekundu yako uko f/5.6, ile ya ndani ya kamera inayopimia kwenye lenzi inajirekebisha yenyewe, ingawa kwa nyekundu baadhi zinachanganyikiwa. Njia rahisi ni kuiambia mita ISO ndogo tangu mwanzo, filamu ya 400 na filta ya nyekundu weka 50, halafu usahau. Ukiitoa filta tu ndo ukumbuke kuirudisha 400.